Gredi ya 7 wanaelewa Kiingereza lakini hawafungui mdomo. Nifanyeje?

MwalimuWaKomarock aliuliza:

Walimu wenzangu, hamjambo. Ninafundisha Kiingereza Gredi ya 7 katika shule ya kutwa huku Eastlands, Nairobi. Darasa lina wanafunzi 52, madawati ni ya kukaliwa na watatu watatu, ubao ni mmoja na kipindi ni dakika 40. Projekta hakuna, na kutoa nakala ni mpaka ubembeleze ofisi.

Shida yao si kuelewa. Ukiwapa ufahamu wanaujibu vizuri kwa maandishi, na insha zao zinasomeka. Lakini nikiuliza swali la mdomo, vichwa vyote vinainama. Wanaojibu ni walewale wanne wa mbele. Nikimtaja mwingine kwa jina, anasimama, ananong'ona neno moja, au anasimama tu mpaka nimwambie akae. Mtoto akishrabu, lugha ya kwao ikijitokeza kwenye matamshi, darasa zima linaangua kicheko, na sauti yake husikii tena. Kazi ya vikundi inafanywa kwa Sheng tangu mwanzo hadi mwisho, halafu kiongozi anasoma jibu moja kwa Kiingereza.

Shule ina diski. Anayepatikana akizungumza Sheng au lugha ya mama anaivaa shingoni hadi amnase mwenzake. Naona imewafanya wanyamaze zaidi, lakini walimu wengine wanaitetea.

Naomba kitu ninachoweza kuanza nacho Jumatatu bila vifaa. Pia naomba mniambie nisahihishe vipi bila kuwavunja moyo, nifanye nini na wale wasiotoa sauti kabisa, na kama ni vibaya kuwaachia Kiswahili kidogo darasani.

———

Bi_Chaki alijibu:

Mwalimu, kabla ya mbinu yoyote, piga hesabu. Kwenye dakika 40, toa 10 za kuingia, kueleza na kukusanya madaftari. Zinabaki 30, yaani sekunde 1,800. Zigawe kwa watoto 52 na kila mmoja anapata sekunde 34, tena kama wewe mwenyewe hutasema neno. Kwa mtindo wa mwalimu kuuliza na mmoja kujibu, wengi hawapati hata sekunde moja kwa wiki. Ukiwapa kazi dawati kwa dawati, karibu watoto 17 wanazungumza kwa wakati mmoja, na kwa dakika 6 tu kila mtoto amepata dakika 2 zake. Hakuna hotuba ya kuwatia moyo itakayoshinda hesabu hiyo.

Jambo la pili ni haraka yetu sisi walimu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alisikiliza madarasa ya sayansi miaka ya 1970 akakuta mwalimu akiuliza swali husubiri takriban sekunde moja tu, kisha anamtaja mwingine au anajijibu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Hao walikuwa wanajibu kwa lugha waliyoizoea. Mtoto wako wa Kayole ana kazi ya ziada: atafute wazo, atafute maneno, ayapange, aangalie kama kitenzi kiko sawa, ndipo ajasiri kusema mbele ya watu 51. Sekunde moja haimtoshi, na kimya unachokiona mara nyingi ni mtu ambaye bado yuko katikati ya kazi hiyo.

Kwa hiyo usimpeleke mtu mbele ya darasa na sentensi ambayo hajawahi kuisema kwa sauti. Ninavyopendekeza:

Andika swali ubaoni, moja tu, na liwe la kwao. "Should boda bodas be allowed in the city centre?" linafaa kuliko swali la mazingira kwa jumla, kwa sababu kila mtoto wa Nairobi ana la kusema juu ya boda.

Chini ya swali andika vianzio vinne vya sentensi:

"I think … because …"
"I agree with …, but …"
"I am not sure, but maybe …"
"Can you say that again, please?"

Viwili vya mwisho usiviache. Mtoto asiyejua jibu anahitaji njia ya kutoka kwa Kiingereza, la sivyo njia yake ya kutoka ni kunyamaza. Na usijaze ubao vianzio kumi. Watavisoma badala ya kuzungumza. Wakivizoea, futa kimoja kimoja.

Halafu dakika moja ya kimya kamili. Waandike maneno matatu ya kuwasaidia, si sentensi. Ukiwaruhusu kuandika sentensi nzima, utakachosikia baadaye ni usomaji. Kisha dakika 3 kwenye dawati, kila mmoja dakika yake, wewe ukiangalia saa na kupiga kofi moja kila dakika ikiisha. Kisha wa katikati wahamie dawati la nyuma, waliseme jambo lilelile kwa watu wapya, dakika 3 tena. Mara ya pili ndipo sentensi zinaanza kunyooka.

Sasa ndipo uulize hadharani, na usiulize "wewe unaonaje?" Uliza mwenzake amesema nini: "My desk mate thinks that …" Wazo likiwa la mwenzake, likichekwa haliwi aibu yake. Mtoto mwenye hofu hushika njia hiyo mapema kuliko nyingine yoyote.

———

DawatiLaNyuma alijibu:

Naunga mkono Bi Chaki, ila majadiliano peke yake yana udhaifu. Watoto wawili wanaokubaliana hawana sababu ya kuendelea kuzungumza. Wape kazi ambayo haikamiliki mpaka waulizane, kwa sababu kila mmoja ana nusu ya habari. Na huhitaji nakala.

Chukua karatasi ya manila uibandike ukuta wa nyuma. Ubaoni mbele andika orodha ya kwanza: namba za matatu, zinakoelekea, na nauli. Kwa mfano 46 Kawangware, 58 Buruburu, 111 Ngong, 125 Rongai, 237 Thika. Nauli weka za kubuni, na uhakikishe zinatofautiana. Kwenye manila andika namba hizohizo, lakini badala ya nauli weka saa ya gari la kwanza asubuhi. Orodha zote mbili zifunike na gazeti mpaka wakati ufike.

Kwenye kila dawati, A anatazama mbele, B anageuka kutazama nyuma, C anainamisha kichwa kwenye daftari alilochora jedwali tupu lenye nguzo tatu. A anamuuliza B: "What time does the first 111 leave?" B anamuuliza A: "How much is the fare to Ngong?" C haoni chochote, anaandika anachosikia tu, na ana haki ya kusema "Can you say that again, please?" mara anazotaka. Kazi imeisha jedwali la C likijaa. Muda ni dakika 8. Kisha wanabadilishana nafasi na wewe unabadilisha nauli na saa kadhaa.

C ndiye anayeifanya kazi iende. Bila yeye, A na B watageuza shingo wachungulie na kumaliza kwa dakika moja kimya kimya. Akiwepo, ni lazima sauti itoke, tena sauti ya kusikika. Kwa watoto 52 utapata madawati 17 na mmoja atabaki. Mpeleke kwenye dawati lolote awe C wa pili, kisha C hao wawili walinganishe majedwali.

Mambo yatakayoharibika, ili usishtuke:

Saa. Mtoto akiona 5.30 a.m. kichwani mwake ni saa kumi na moja na nusu, na atakwambia "half past eleven". Fanya mazoezi ya saa dakika 3 kabla ya kuanza, yenye saa tano au sita hivi, darasa zima likijibu kwa pamoja.

Namba. "Thirteen" na "thirty" zinagongana. Weka nauli ya 13 na nyingine ya 30 makusudi, C ataona mwenyewe kwamba hajasikia vizuri na ataomba kurudiwa. Hapo ndipo wanajifunza kuuliza.

Maswali. Usipowafundisha umbo la swali kwanza, watasema "Fare Ngong?" na kazi itaenda vizuri tu bila sentensi. Andika maswali mawili ubaoni, yasemwe na darasa zima kwa pamoja mara tatu, kisha safu kwa safu, ndipo ufungue orodha.

Kelele utapata. Madarasa ya mabati au yenye dari wazi yanavumisha sana. Waambie wainamiane, na ukubaliane nao ishara moja ya kunyamaza: ukiinua mkono, kila anayeuona anainua wake na kufunga mdomo. Usipige kelele juu ya kelele.

———

Nidhamu_Kwanza alijibu:

Mbinu ni nzuri, lakini naona mnakwepa kiini. Mtoto huyu anazungumza Sheng nyumbani, Sheng kwenye matatu, Sheng mtaani. Kuanzia Gredi ya 4 masomo yote isipokuwa Kiswahili na lugha nyingine yanafundishwa kwa Kiingereza, na hata hivyo amefika Gredi ya 7 hajui kujieleza. Saa chache za shule ndizo pekee anazokutana na Kiingereza. Ukimfungulia mlango wa Kiswahili darasani, hatatoka humo. Diski ina ukali wake, ndiyo, lakini inamkumbusha. Shule zenye sheria kali za lugha ndizo ambazo watoto wake wanaweza kusimama wakazungumza.

———

Bi_Chaki alijibu:

Mwalimu Nidhamu, kuhusu saa uko sahihi. Saa za Kiingereza ni chache na zinalindwa kwa wivu. Tunapotofautiana ni jinsi ya kuzilinda.

Angalia diski inafanya nini kwa vitendo. Aliyeivaa hapewi sentensi hata moja ya Kiingereza. Kazi anayopewa ni kuvizia wenzake. Na njia iliyo salama kuliko zote kwa anayekwepa kuvaa ni kutosema lolote, si kusema Kiingereza. Tumempa zawadi kwa kunyamaza, halafu saa nne asubuhi tunamtaka afungue mdomo darasani. Tena kuna sheria: kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya akili. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kuzungumza lugha ya bibi yake ni jambo ambalo shule itashindwa kulieleza mzazi akija na swali.

Kiswahili darasani kiwe na mahali na muda. Kunja manila isimame mezani kama kibanda, upande mmoja uandike "English", wa pili "Lugha yoyote". Wape dakika 2 za "Lugha yoyote" kupanga mawazo: tutasema nini kuhusu boda, nani ataanza. Mawazo yakishakuwepo, geuza kibao, na kuanzia hapo ni Kiingereza pekee kwa dakika 6 zinazojulikana. Neno likimpotea, aulize "How do you say 'msongamano' in English?" Swali hilo nalo ni Kiingereza. Mtoto anayejua zuio litaisha baada ya dakika 6 hulistahimili. Anayeambiwa ni siku nzima, milele, hulikwepa.

Usirefushe dakika 2 za kupanga. Zikifika 5, kazi yote itakuwa imeisha kwa Sheng, na kilichobaki kitakuwa kutafsiri. Nadhani hicho ndicho kinachowapata vikundi vya Mwalimu wa Komarock.

———

Sauti_na_Silabi alijibu:

Niongee kuhusu kusahihisha na kicheko, maana ndivyo vinavyozima darasa.

Kwanza tenganisha aina mbili za kazi. Kuna dakika za kuzungumza kwa ufasaha, ambapo ujumbe ndio muhimu, na kuna dakika za usahihi, ambapo umbo ndilo muhimu. Katika za kwanza, usimkatize mtu kwa kosa lolote isipokuwa hujaelewa kabisa. Tembea katikati ya madawati na kijitabu, andika makosa unayoyasikia bila majina. Mwishoni bakisha dakika 5. Chagua makosa matatu, yale yaliyosikika kwa wengi, uyaandike ubaoni kama yalivyosemwa: "Yesterday I go to Gikomba." Dawati lenye jibu lirekebishe. Mwenye kosa ataliona, na hakuna atakayejua kwamba ni lake. Usiandike makosa kumi, watafunga masikio.

Katika dakika za usahihi, mazoea yetu wengi ni kurudia sentensi ya mtoto ikiwa imesahihishwa. Anasema "She don't like," nasi tunasema "Yes, she doesn't like," tunaendelea. Watafiti Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kanada ambako watoto hufundishwa kwa Kifaransa, wakachapisha matokeo 1997: njia hiyo ndiyo iliyotumiwa na walimu kuliko zote, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajirekebishe mara chache kuliko zote. Sababu inaeleweka. Mtoto anasikia "Yes", anadhani umekubali. Afadhali umrudishie mwanzo wa sentensi na sauti ya kuuliza, "She …?", kisha usubiri zile sekunde tatu. Mara nyingi kosa analijua, atalirekebisha mwenyewe.

Kuhusu kushrabu. Lafudhi ya Kikenya si kosa, wala hatuna haja ya kumgeuza mtoto wa Huruma aongee kama mtangazaji wa London. Shughulika na sauti zile tu zinazobadilisha maana. Kikuyu hakina l, kwa hivyo "rice" na "lice" zinaweza kumtoka vilevile. Dholuo hakina sh, kwa hivyo "she" inakuwa "see". Na wengi wetu tuliokulia kwenye lugha za irabu tano au saba tunaisema "ship" kama "sheep".

Fundisha sikio kabla ya ulimi. Wewe sema moja ya maneno mawili, wao wafumbe macho na kuinua mkono wa kushoto kwa "light" na wa kulia kwa "right". Macho yakiwa wazi wataiga mikono ya wengine. Wakishasikia tofauti, waonyeshe mahali pa ulimi: kwa l, ncha inabandikwa kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu na inakaa hapo, hewa inapita pembeni. Waivute "llll" hadi uhesabu tatu, ndipo waachie "light". Kwa r yetu ya hapa, ncha inagusa mara moja tu na kuachia. Kwa sh, waambie wamnyamazishe mtoto mchanga, "shhh", sauti wanayoijua tangu utotoni, kisha waongeze "e". Darasa zima kwa pamoja, dakika 3 mwanzo wa kipindi, zisizidi. Kamwe usimsimamishe mtoto mmoja kurekebisha ulimi mbele ya wenzake, na usitaje kabila la mtu.

Na kicheko: weka kanuni siku ambayo hakuna aliyechekwa, usisubiri tukio. Kikitokea, nyamaza, watazame waliocheka, sema "We are listening," kisha mrudie aliyekuwa akizungumza kwa swali jipya jepesi linalojibika kwa maneno mawili, ili amalize akiwa amefaulu. Walimu wengi humwadhibu aliyecheka kwa kumwambia "haya, wewe sasa jibu". Usifanye hivyo. Ukifanya kuzungumza Kiingereza kuwa adhabu, utakuwa umerudisha diski kwa mlango mwingine.

———

TeacherZawadi alijibu:

Kwa wale wasiotoa sauti kabisa, kwanza hakikisha ni nini hasa. Mpigie stori ndogo kwa Kiswahili wakati wa mapumziko. Kama huko pia hazungumzi, au anasukuma maneno yasitoke, huenda ni kigugumizi au masikio, na hiyo si kazi ya mbinu za darasani. Ongea na mzazi apelekwe kupimwa. Mwenye kigugumizi usimmalizie maneno, wala usimwambie "pole pole". Tazama usoni pake, subiri.

Kama ni mgeni wa lugha, mfano mtoto aliyetoka Kongo au Somalia mwaka huu, kimya cha majuma kadhaa ni cha kawaida. Anasikiliza. Mpe kazi za kuonyesha kwa kidole na kuchora huku akizoea.

Waliobaki ni wenye hofu. Wapandishe ngazi moja moja, na usiruke:

1. Anajibu kwa mkono: "Raise your hand if you came by matatu."
2. "Yes" au "No".
3. Anachagua: "Is it cheap or expensive?" Neno analohitaji tayari limo kwenye swali.
4. Anamalizia sentensi yako: "I would not take a boda at night because …"
5. Sentensi yake mwenyewe kwenye dawati.
6. Sentensi hiyohiyo kwa darasa, akiwa ameketi. Kusimama kuongezwe mwisho kabisa, au kusiongezwe.

Kinachosaidia zaidi ya ngazi yenyewe ni kumtaarifu mapema. Mwishoni mwa kipindi, mpitie kimya kimya umwambie: "Kesho nitakuuliza swali la pili ukurasa huu." Anaenda nalo nyumbani. Kesho yake muulize hilohilo, usibadilishe hata neno. Ukimgeuzia swali siku hiyo, hatakuamini tena.

Usimsifu kwa kelele akijibu. "Makofi kwa fulani!" humrudisha kwenye macho ya watu anaowaogopa. "Thank you, good point," halafu songa mbele.

———

MwalimuWaKomarock aliandika:

Asanteni sana, nimeandika yote. Zimebaki hofu mbili. Kwanza, kelele: mwalimu mkuu akipita na kusikia darasa likivuma ataona sifundishi. Pili, tathmini. Nikiwa natembeatembea hivi, alama za kuzungumza nitazipata wapi za watoto 52? Na wale wanne wa mbele niwafanye nini, maana watameza kila kazi.

———

DawatiLaNyuma alijibu:

Kuhusu mwalimu mkuu, nenda ofisini kabla hajaja. Mpe andalio la somo likionyesha dakika za mazungumzo ni ngapi na zinaanza saa ngapi, umwalike akae nyuma dakika 10. Mkuu akiona C wanaandika na jedwali linajaa, ataelewa. Akisikia kelele kutoka kwenye korido tu, hataelewa, na si kosa lake. Kelele yenye matunda na isiyo na matunda ukiwa mlangoni zinafanana.

Ukishazoea, ongeza zoezi la kurudia kwa muda unaopungua. Paul Nation, mtafiti wa ufundishaji wa lugha, aliandika kulihusu mwaka 1989: mzungumzaji anaeleza jambo kwa dakika 4, kisha jambo lilelile kwa mtu mwingine kwa 3, kisha kwa wa tatu kwa 2. Kwa Gredi ya 7 dakika 4 ni nyingi, anza na 2, kisha 1½, kisha 1. Mada iwe wanayoijua: kwa nini nchi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, na nyumbani kwao sasa wanabebea nini. Wasiandike kitu. Safu moja ikae, safu inayowatazama isogee nafasi moja kila kofi likipigwa, na msikilizaji awe na la kufanya: kila raundi aulize swali moja mwishoni. Asipokuwa nalo ataanza kuchora.

———

Bi_Chaki alijibu:

Tathmini: usiwapime wote siku moja. Andika majina sita ndani ya kijitabu kila kipindi, na siku hiyo sikiliza hao sita tu. Kwa vipindi 9 umemaliza darasa, na hawajui ni zamu ya nani, kwa hiyo hawaigizi. Kwa kila mmoja jibu maswali matatu: Alianza mwenyewe au alingojea kusukumwa? Alivuka sentensi moja? Mwenzake alimwelewa bila kuomba Kiswahili? Ndiyo tatu ni kufikia matarajio; mbili ni kukaribia; aliyewavuta na wengine wazungumze amezidisha matarajio; chini ya hapo, andika yuko ngazi ipi kati ya sita za Teacher Zawadi, ujue uanzie wapi. Matamshi na sarufi zipime kando, zisichanganywe hapa, la sivyo mtoto mwenye mawazo mengi na lafudhi nzito atashuka bila haki.

Nionavyo, tumeizembea stadi hii kwa sababu ya mtihani. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa mfumo wa 8-4-4, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 30 za stadi za mazungumzo, na zote zinajibiwa kwa kalamu. Mtoto anaweza kuzipata nyingi bila kufungua mdomo hata mara moja. Mwalimu mwenye silabasi ya kumaliza hufundisha kinachopimwa, na wa kumlaumu si yeye peke yake.

Wale wanne: kwanza watawanye, kila mmoja dawati lake, mbali na mbele. Kisha wape kazi ya kuuliza. Kwa kipindi chote wanaruhusiwa kusema maswali tu: "Why do you think so?" "What happened next?" "Do you mean …?" Ni kazi ngumu zaidi kuliko kujibu, kwa hiyo hawataona wameshushwa, na wengine wanne au watano kwenye kila upande wa darasa watalazimika kumpa mtu jibu. Waandikie maswali hayo kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja, mawili mawili, na uwabadilishie kila Jumatatu. Na hadharani, weka utaratibu kwamba mikono ya kwanza kuinuliwa hujibu mwisho: subiri mpaka uhesabu mikono nane, ndipo uanze na wa nane.